Papa Stanislas Akonkwa, Aliyeshona Mataifa ya Pentekoste

Baba padri Philémon, wazee wa ukoo, mapapa na mamaman wa mashirika yote ya mtaa huu wa Kasha, jirani mlioketi na ninyi mliosimama kwa kukosa viti, familia inawasalimu, inawashukuru kwa kuja, na inawaomba utulivu wa muda mfupi ili msikie maisha ya mzee wetu namna yalivyokuwa, si namna yalivyosimuliwa barabarani.

Familia imeona ni vizuri kuyasema yote, maana tangu Jumatano kilio kianze kuna watu walioingia uwanjani, wakala, wakaimba, kisha wakaenda nyuma ya nyumba kuulizana kwa sauti ya chini kama ni kweli mzee huyu alibeba bendera ya ng'ambo kwa mapenzi yake mwenyewe, na kama mtu wa namna hiyo anastahili kulala katikati ya wafu wetu. Jibu limo humu ndani. Anayelisoma ni mtoto wake wa mwisho, Parfait, na mama yake amemwomba asiruke mstari hata mmoja, hasa ile inayomhusu yeye mwenyewe.

Marehemu Stanislas Akonkwa alizaliwa tarehe 8 Mei 1938 huko Nyangezi, katika teritwari ya Walungu, mtoto wa tatu wa Léopold Murhula na mkewe Agnès, akabatizwa na mapadri weupe kabla hajatimiza mwezi. Alizaliwa katika Congo ya Wabelgiji, akaoa katika Congo huru, akaota mvi katika Zaire, akafa katika Congo nyingine, na katika hayo yote hakuvuka Ruzizi, mto wa mpaka, kwenda ng'ambo hata siku moja, yeye alikuwa mahali pake, nchi ndizo zilizokuwa zikimpitia.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri wa Nyangezi kuanzia 1946 hadi 1951, akaiachia darasa la tano, si kwa ujinga bali kwa sababu baba yake aliugua na mbuzi hawakuweza kujichunga wenyewe, na kutoka shule ile alibaki na mwandiko mzuri na tabia ya kumsimamisha padri baada ya misa ili amuulize maswali wakati watu wengine wana njaa.

Mwaka 1952 aliingia katika chumba cha kushonea cha masista, pale pale Nyangezi, akajifunza kukata kanzu za padri na nguo za wanakorali, na mwaka 1957 akapanda Bukavu na mkasi wake, akapata kazi kwa fundi mmoja wa sokoni, kisha akajitegemea. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 alishona bendera za buluu zenye nyota kwa shule na ofisi, zikabadilishwa akashona za mstari mwekundu, zikabadilishwa tena akashona za Zaire, za kijani zenye mviringo wa manjano na mkono unaoshika mwenge, maana kila mara serikali ilipobadili mawazo mafundi walikula vizuri. Katika vita vya mamluki vya 1967 mashini yake ya kwanza ilibebwa kichwani na mwanajeshi ambaye hakujua hata kupitisha uzi katika sindano, naye akaanza upya kwa mashini ya kuazima, bila kelele, kama alivyofanya mambo mengine yote isipokuwa kula, maana chakula kikichelewa alinung'unika mpaka jirani wakasikia.

Tarehe 5 Agosti 1961 alifunga ndoa takatifu na Georgette, binti ya Télesphore wa Walungu, kwa mahari ya ng'ombe watatu, mmoja wao akichechemea, jambo ambalo baba mkwe alilisamehe siku ile ile na Georgette hajalisamehe mpaka leo. Walijaliwa watoto sita, wawili wakarudi kwa Mungu wangali wachanga, wakabaki Olive, aliyeolewa Lwiro, Aloys na Yolande, ambao kazi imewapeleka mbali na ambao wamefika jana na vumbi la njia, na Parfait, kitinda mimba, aliyezaliwa Februari 1975, akachukua vidole vya baba yake na mdomo wa mama yake. Familia ilihamia hapa Kasha mwaka 1979, katika nyumba hii mnayoiona, na mashini ya kushona ikawekwa barazani ambapo kuna mwanga.

Sasa tunafika kwenye bendera, wanaotaka kukohoa wakohoe mapema.

Baba Philémon, ambaye yuko hapa na anaweza kukana kama tunasema uongo, alifika parokiani mwaka 1997, akaona Wakristo wake wanajua Pentekoste ni siku ya moto na upepo lakini hawajui ni watu gani walikuwa pale Yerusalemu, na kwa sikukuu ya 1998 akapanga kwamba kila shirika, yaani jirani wanaosali pamoja, lingebeba katika maandamano taifa moja kati ya yale kumi na tano yanayotajwa katika Matendo ya Mitume, Waparthi, Wamedi, Waelami, watu wa Mesopotamia na Kapadokia na Misri na wengine wote mpaka Waarabu. Ugomvi ulianza kabla hata mkutano haujafunguliwa, kila shirika lilitaka Misri kwa sababu Bwana Yesu alikimbilia huko, hakuna lililotaka Waarabu kwa sababu babu zetu walisimulia minyororo, na wote kwa pamoja walipigania Warumi, wakifikiri ni wale wa Baba Mtakatifu. Ikapigwa kura, Warumi wakaangukia shirika la Maman Consolate, wanawake wakapiga vigelegele, ndipo katekista alipowakumbusha kwamba Warumi wa siku zile ni watu wa Pilato, wale wale waliokuja na jeshi, wakashika mji, wakamsulubisha Bwana. Maman Consolate akasema, "Tumekwisha kuwapata, haturudishe, tutawabeba na misumari yao."

Kushona akapewa Stanislas, na Stanislas akauliza, kama kawaida yake, "Padri, drapo ya Waelami iko na rangi gani?" Padri akajibu kwamba hata Waelami wenyewe hawakuijua, achague anayoona inafaa. Akafanya Wakrete kwa buluu kwa ajili ya bahari, Misri kwa manjano kwa ajili ya mchanga, na alipofika kwa Waelami kitambaa kikaisha. Hapo ndipo alipofanya kosa lake, na kosa hilo hata yeye alilikubali. Katika sanduku lake zilibaki bendera za Zaire alizoshonea ofisi moja ambayo haikuja kuzichukua kwa sababu utawala ulianguka kabla, na mwaka ule mtu kukutwa na kitu cha Zaire lilikuwa jambo la kujibu. Georgette alikuwa amemwambia toka zamani, "Stani, choma hiyo kitu, inchi imekufa na wewe unachunga sanda yake," naye akajibu, "Kitambaa haina parti, mama Olive, na hii ni pamba nzuri." Akafumua ule mwenge, akafumua ule mviringo wa manjano, akashona samaki mweupe juu yake, Waelami wakapata bendera, na Pentekoste ya 1998 ilikuwa nzuri, watu waliimba mpaka sauti zikakauka, na watoto wa Kasha wakaanza kuitana Waparthi na Wamedi katika michezo.

Mwezi wa Agosti vita vya pili vikaanza, hatuna haja ya kuwasimulia, kila mmoja hapa ana watu wake aliowazika na wengine ambao hakuwapata awazike. Mji ukashikwa na waasi pamoja na wenzao waliotoka ng'ambo, nasi tukajifunza kutembea tukitazama chini.

Tarehe 18 Mei 1999, siku ya Jumanne, mchana, siku chache kabla ya Pentekoste, bendera zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa uwanjani, mataifa yote kwenye kamba moja, na askari wa doria wakapita na mkubwa wao. Jua lilikuwa kali, na palipokuwa na ule mviringo wa manjano kijani kilikuwa hakijapauka, hivyo mbele ya watu wote Zaire ikaonekana chini ya samaki. Mkubwa wa doria akauliza, "Hii drapo ni ya nani?" Stanislas akajibu ni ya Waelami. "Waelami hao wako na kambi wapi? Ni Mai-Mai?" Stanislas akaeleza kwamba si wanamgambo wa msituni, hawana kambi, ni watu wa Biblia. Ndipo Parfait, ambaye hakuulizwa na mtu, akatoa kichwa dirishani akasema, "Waelami walikwisha zamani, chef, walikufa wote." Yule askari akakunja uso, akauliza kwa nguvu, "Nani aliwaua?" Na Parfait akacheka. Wakamchukua, na bendera ya Waelami wakaichukua kama ushahidi. Parfait, soma hivyo hivyo, ulicheka.

Kesho yake Stanislas, Georgette na Baba Philémon walikwenda kambini, padri na Biblia, Georgette na sufuria ya bugali na sombe ya majani ya muhogo kwa ajili ya mtoto, wakangojeshwa, kisha wakaingizwa mbele ya komanda, mtu mrefu, mtulivu, mwenye miwani, aliyetoka ng'ambo. Georgette alikaa chini karibu na mlango kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na padri alipewa, na kutoka pale chini aliona yote. Padri akafungua kitabu ili amwonyeshe sura ya pili, komanda akainua mkono, akasema, "Funga, padri. Mimi ni mtoto wa mchungaji, hiyo sura niliingiziwa kwa fimbo." Akaitaja kwa kichwa, taifa baada ya taifa, hakuruka hata Pamfilia. Kisha akavua miwani, akasema kwamba askari wake ni wajinga, Waelami anawajua, kesi ya Waelami imekwisha, lakini yeye mwenyewe ana swali. "Kitabu kinasema watu wa kila taifa chini ya mbingu. Mumeweka Waarabu, mumeweka hata Warumi. Inchi yangu munaiona kila asubuhi mukifungua mulango, mulima ule pale. Katika Pentekoste yenu haimo. Sisi hatuko chini ya mbingu?"

Baba Philémon akasema hata Congo haimo katika orodha ile. "Congo ni ninyi munaobeba," komanda akajibu. Halafu akamgeukia Stanislas, akamwita muzee, kwa heshima, maana mambo mabaya ya wakati ule yalisemwa kwa heshima, akamwambia, "Wewe ni fundi. Shona ya kwangu. Siku ya Mungu ibebwe kati ya zingine mbele ya watu wote, na kijana atarudi nyumbani." Georgette akauliza kutoka pale chini, "Na kama haibebwe?" Komanda akatazama ile sufuria, akasema, "Basi, maman, hutachoka tena kupika."

Jioni mashirika yakakusanyika kanisani, na Baba Philémon akasema ukweli wote, akasema yeye haamuru na hakatazi, jambo ambalo familia ililiona dogo siku ile na sasa inaliona gumu kuliko ilivyodhani. Maman Consolate akasimama. Mume wake alikuwa amechukuliwa nyumbani Oktoba ya 1998, na mpaka leo hii hajulikani alipo. Hakupiga kelele, alisema tu, "Waliomubeba bwana yangu wanatembea hapa inje. Munataka watoto wangu watembee nyuma ya drapo yao? Kwa wimbo gani?" Na shirika baada ya shirika likasema halitabeba, na hakuna aliyelaumiwa, kila mmoja alikuwa na kaburi lake, au alikuwa akitafuta kaburi lake.

Stanislas alinunua kitambaa Ijumaa asubuhi, akakata, na Georgette akamshikia upande wa pili ili kisijikunje. Akamwambia, "Tia uzi mubovu, ifumuke njiani, upepo ufanye kazi yake." Akajibu, "Mimi sishonake kazi mubaya," akapinda pindo mara mbili, kama kwa nguo ya altare. Wengi wenu mlisema baadaye, na familia ilisikia, kwamba mtu aliyelazimishwa hapindi pindo namna ile. Ninyi mliosema hivyo mlikuwa mmevaa suruali alizozishona yeye, mngetazama mapindo yake.

Tarehe 23 Mei 1999, Jumapili ya Pentekoste, maandamano yalishuka kutoka juu hapa kwenda kanisani, mataifa kumi na tano mbele, Waelami wakiwa wamerudishwa na alama ya buti juu ya samaki, kisha nafasi tupu, kisha Stanislas peke yake na bendera ile, na Georgette nyuma yake kwa umbali ambao mtu angeweza kusema wako pamoja na mtu mwingine angeweza kusema hawako. Alipotokea kwenye kona korali ikanyamaza. Watu waliokuwa kando ya njia wakageuka, wakatupa migongo, njia nzima, na wakati migongo imegeuka hivyo askari waliokuwa wamesimama juu wakaiona bendera yao, wakagonga visigino, wakapiga saluti. Hiyo saluti ndiyo iliyomwua Stanislas katika mji huu, si bendera. Aliingia, akaisimika pembeni mwa Warumi mahali palipobaki, akaenda kukaa. Komanda alikuja bila uniforme, akakaa kiti cha nyuma, akaondoka kabla ya matoleo, kama Wakristo wengine wengi.

Jumatatu Parfait alirudi, na sikio lake la kushoto halikurudi pamoja naye. Alipojua alivyonunuliwa hakushukuru, alisema mbele ya mama yake, "Papa, ungeniacha kule. Sasa nitapita wapi?" Akachukua begi, akaenda Lwiro kwa dada yake Olive, na kwa karibu miaka mitatu hakukanyaga Kasha.

Hapa nyumbani kitambaa hakikuletwa tena. Mamaman wakapeleka nguo za sikukuu kwa fundi mwingine, wazazi wakapeleka uniforme za shule kwingine, watoto wakapita wakiimba "Papa Drapo," na zamu ya kusali nyumbani kwa Akonkwa ilipofika, shirika likaruka nyumba likaenda ya pili, kama kwamba mahali hapa palikuwa na shimo. Stanislas akashona magunia ya wafanyabiashara wa muhogo, akaenda misa kila Jumapili, akakaa palepale alipokuwa akikaa, na benchi lile likawa la kwake peke yake, Georgette akasema angalau sasa kuna mahali pa kunyosha miguu.

Na kama mambo yangeishia hapo, ndugu waombolezaji, familia isingekuwa na jambo la kueleza, kila mzazi hapa angesema alifanya kwa ajili ya mtoto, na yule anayeuliza nyuma ya nyumba angenyamaza. Lakini hayakuishia hapo.

Mwaka uliofuata yule komanda alikuwa amehamishwa, hakuna aliyekumbuka amri yake, hakuna aliyedai. Kwa Pentekoste ya tarehe 11 Juni 2000 Baba Philémon akatangaza bendera zitolewe kama mwanzo, zile kumi na tano, na watu wakapumua. Siku ya Jumamosi Georgette akamkuta Stanislas barazani ananyosha bendera kwa pasi ya makaa, na bendera yenyewe ni ile ya ng'ambo.

Alimwambia maneno ambayo hayawezi kusomwa mbele ya padri. Yaliyobaki ni haya, "Mwaka jana ilikuwa ya Parfait. Hii mwaka ni ya nani? Unataka watuchomee nyumba?" Stanislas akaweka pasi chini, akasema, "Mwaka jana haikuwa sala, mama Olive. Ilikuwa biashara, drapo kwa mutoto. Ile swali ya komanda, mimi sikuijibu, nililipa tu. Nataka nimupatie Mungu moja yenye sikulipiwa." Georgette akamwambia swali lile lilikuwa la muuaji. "Ndiyo," akasema, "lakini lilikuwa swali." Akamwambia watu wale walikuja na bunduki. Akasema, "Na Warumi walikuja na nini? Walikuwa wanashika mji siku ile ile. Petro aliwakuta pale, hakuwafukuza." Georgette akamwambia Petro hakuwa na jirani kama Consolate. Hapo Stanislas akasema kwamba hiyo ni kweli, na kwamba angemwomba Maman Consolate msamaha kabla, lakini angebeba.

Alikwenda kweli, jioni ile. Maman Consolate alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha, akamwambia, "Papa Akonkwa, Mungu awasamehe yeye, yeye ana kazi hiyo. Mimi niko na watoto wa kulisha." Akafunga mlango bila kuubamiza.

Kesho yake alibeba, hakuna aliyemlazimisha, na askari waliokuwa barabarani hawakujua ni nini, hawakupiga saluti. Badala yake lilikuja jiwe, likampata begani, na Georgette alimwona aliyelitupa na yuko hapa leo, ale ashibe. Stanislas aliyumba, bendera haikugusa chini, akaisimika kanisani pembeni mwa Warumi. Maman Consolate, aliyekuwa amesimama pale na Warumi wake, akainua mti wa bendera yake, akausogeza mbali hatua moja. Akafanya hivyo mwaka 2001, akafanya hivyo mwaka 2002, na Stanislas kila mwaka aliisimika palepale, naye kila mwaka akasogeza, na hawakuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo. Mwaka huu, tarehe 8 Juni, marehemu alibeba kwa mara ya mwisho, miguu ikiwa imevimba, akipumzika kila kona, na Maman Consolate alitazama, akawaacha Warumi wake walipokuwa. Familia haisemi maana yake ni nini, pengine alichoka tu, mwenyewe yuko hapa, anajua.

Kwa hiyo jibu ni hili, na mnaweza kwenda nalo nyuma ya nyumba. Ndiyo, Papa Stanislas Akonkwa alibeba bendera ya ng'ambo. Mara ya kwanza alibeba kwa kuogopa, ili mtoto wake arudi, na hiyo mnaweza kumsamehe bila kujichosha. Mara nne zilizofuata alibeba kwa mapenzi yake mwenyewe, akijua mnavyomwita, bila kupokea kitu kwa mtu, wala kwao wala kwenu. Mke wake Georgette hakukubaliana naye siku ile na hakubaliani naye leo, lakini alikaa na mtu yule miaka arobaini na miwili, akamfulia mashati, anajua mwoga ananuka namna gani, na yule hakuwa mwoga wala hakuwa msaliti.

Marehemu alianza kuugua ugonjwa wa sukari mwaka 2001, akauficha mpaka Machi 2002 alipoanguka barazani juu ya mashini, akalazwa wiki mbili, na ni wakati huo Parfait alipotelemka kutoka Lwiro, akakaa kando ya kitanda upande ambao sikio lake linasikia. Walichozungumza ni chao. Tunajua tu kwamba alipotoka alimwuliza mama yake sanduku la vitambaa liko wapi, na tangu siku ile alirudi kuishi Kasha, na yeye ndiye aliyemshika baba yake mkono katika maandamano ya mwaka huu. Septemba 2003 figo zikaanza kukataa, akalazwa tena, na Jumatano tarehe 15 Oktoba, saa nne ya asubuhi, baada ya kulalamika kwamba uji ni baridi, alifumba macho, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, akiacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na mashini ya kushona ambayo bado inafanya kazi.

Familia inamshukuru daktari Élodie na wauguzi, waliomhudumia hata siku ambazo dawa hazikuwepo na walikuwa na maneno tu. Inawashukuru mafundi wenzake wa sokoni, walioleta mbao za jeneza na kulivalisha kwa ndani kwa kitambaa kizuri, mapindo tumeyatazama. Inamshukuru Baba Philémon, ambaye angeweza kuiondoa bendera ile siku yoyote na hakuiondoa. Inayashukuru mashirika yote ya Kasha, yaliyokuja na kuni, maji na nyimbo, hata yale yaliyokuwa yamesahau njia ya hapa. Inamshukuru Maman Consolate, ambaye tangu Jumatano yuko jikoni, ameosha masufuria ya watu wote, hakusema kitu, na hakuna anayemdai kusema.

Bado jambo moja. Katika misa inayofuata Yolande atasoma maombi ya waamini, na atakapofika kwenye ombi la mataifa ataitaja nchi ile ya ng'ambo kwa jina lake, baada ya Congo, kwa sababu aliyekuwa akiibeba mbele ya Mungu tunamfukia leo na hakuna mwingine aliyejitolea. Asiyeweza kujibu "Ee Bwana utusikie" asijibu, Georgette naye hatajibu, moyo wake haujafika huko na hana umri wa kudanganya kanisani. Lakini hatainuka. Atakaa kwenye benchi lile, katika nafasi yake, mpaka ombi liishe, na anayetaka kukaa pamoja naye, nafasi ipo.

Pumzika kwa amani, Stanislas, sisi tuliobaki bado tunaitafuta.